Barua kwa mwanangu: picha za jukwaani usizifute

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kama ufute mtandaoni picha zako zote za mashindano ya urembo, kwa kuwa sasa unauza viatu na una nia ya kugombea udiwani, na wapo waliokwambia kuwa mrembo haaminiki kwenye mambo mazito. Usifute hata moja.

Mtazame Jokate Mwegelo. Alishiriki Miss Tanzania mwaka 2006, mwaka ambao taji lilikwenda kwa Wema Sepetu. Urembo wake hajawahi kuuonea aibu. Alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaigiza, akatangaza, kisha akaanzisha chapa yake ya Kidoti, akaingiza sokoni nywele bandia na kandambili. Hapo kwenye kandambili tulia kidogo. Mimi nimekaa na biashara ya viatu muda mrefu, nawajua wateja: mtu anakishika kiatu, anakikunja, anavuta mkanda aone kama gundi imeshika, anapitisha kidole kwenye mshono. Jina la mrembo litamleta dukani mara ya kwanza. Mkanda ukikatika wiki ya pili, harudi, na shoga zake hawaji.

Siasa nayo ina mizani yake. Julai 2018 Rais Magufuli alimteua Jokate kuwa mkuu wa Wilaya ya Kisarawe, mkoani Pwani, na maneno yakawa mengi. Yeye akashika elimu, akaanzisha kampeni ya Tokomeza Zero, ya kupambana na sifuri kwenye mitihani, akachangisha fedha za kujenga sekondari ya wasichana. Shule ipo, na ina jina lake. Mwaka 2021 akahamishiwa Temeke, na 2023 akawa Katibu Mkuu wa UVCCM, umoja wa vijana wa chama cha CCM. Kwa maoni yangu hakuna hotuba ambayo ingemtetea kama yalivyomtetea yale madarasa. Hoyce Temu, Miss Tanzania wa 1999, naye alikuja kuwa balozi, na sijasikia kwamba alitakiwa kwanza alikane taji.

Lakini mwanangu, hapa sikubembelezi. Ukuu wa wilaya na ubalozi ni vyeo vya kuteuliwa. Udiwani unaombewa kura, na kwetu hakuna mgombea binafsi, lazima upitie chama. Wema, anayejulikana nchi nzima, aliwania ubunge wa viti maalumu, vile vya wanawake, kupitia Singida mwaka 2015 na kura hazikutosha. Wanaokupenda kwenye simu wametapakaa kila mkoa, ila wajumbe wa chama wa kata yako, wanaopiga kura za kumpata mgombea, ni watu wachache unaoweza kuwafahamu kwa majina, na wanataka kujua ulikuwa wapi siku kisima kilipoharibika. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuhusu wewe, wala si picha.

Kwa hiyo ziache zilipo. Anza kuhudhuria mikutano ya mtaa sasa hivi, usisubiri mwaka wa uchaguzi, na ukifika usikimbilie meza kuu, kaa na akina mama usikilize. Hesabu za duka ziandike kila jioni kwenye daftari lake, fedha za biashara usizichanganye na za siasa. Na mwezi ujao ukija, njoo na sampuli za mzigo mpya, nizione kabla hujawalipa mafundi.

Baba yako anakusalimu sana.

Mama yako