Chipu itajitaja yenyewe, mipaka utaitaja wewe

Mwalimu mkuu wa shule moja ya Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, alinipigia saa moja asubuhi. "Fundi, umeme ulikatika usiku, sasa umerudi. Masanduku yako yanawaka taa zote, lakini waifai haionekani kwenye simu ya mtu yeyote." Yalikuwa masanduku sita ya kurushia waifai. Nilikuwa nimeyafunga siku nne tu zilizopita, na mezani kwangu Ntinda, Kampala, waifai yake ilishika mpaka barabarani. Nikapanda basi la usiku. Hatujafika Karuma, nimefungua laptopu mapajani, nikaliona kosa kwenye faili langu: herufi moja, b pale ilipotakiwa a.

Nyinyi mnaoanza kuandika mti wa vifaa wa Linux (device tree, faili linaloiambia kerneli, kiini cha Linux, bodi ina vifaa gani) kwa bodi ndogo, kosa langu hilo ndilo ninalotaka mlijue kabla ya mengine yote.

Kuhusu chipu ya kumbukumbu yenyewe hamna mengi ya kuandika. Kwa flashi ya NOR ya SPI (kumbukumbu isiyopotea umeme ukikatika), weka compatible = "jedec,spi-nor", namba ya laini ya kuichagulia kwenye reg, na mwendo kwenye spi-max-frequency. Basi. Kerneli itaiuliza chipu kwa amri 0x9f (0x ni alama ya heksadesimali, hesabu ya kumi na sita) nayo itajitaja. W25Q128 hujibu ef 40 18: ef ni Winbond, na 18 ya heksadesimali ni 24, yaani baiti 2 kwa kipeo cha 24, megabaiti 16. (Ile 128 ya kwenye jina ni megabiti. Nimeona mtu mzima akigawa nafasi ya megabaiti 128 kwenye chipu hiyo.) Mwendo anza nao chini, megahezi 10, upandishe ukishaona inasomeka vizuri; kiwango cha chipu ni kikomo tu, nyaya za bodi yako ndizo zitakazoamua. Na usiandike spi-rx-bus-width = <4>, yaani isomwe kwa nyaya nne, kwa sababu umeiona kwenye faili la mwingine. Chukua mita, upime kama ile miguu miwili ya ziada imefika kweli kwenye prosesa. Bodi nyingi zimeifunga tu kwenye umeme wa chipu.

Lakini hakuna amri ya kuiuliza chipu nani anakaa wapi ndani yake. Ni kama kibanja: udongo haujui mwenyewe ni nani. U-Boot, programu ya kuwashia bodi, inaanzia wapi, firmware, yaani mfumo wenyewe, inaishia wapi, data za urekebishaji wa redio ya waifai (fungu liitwalo art) ziko wapi, yote hayo kerneli inayapata kwako, na inakuamini. Hivi ndivyo nilivyoandika mafungu hayo, yaani partisheni:

partition@50000 {
    label = "firmware";
    reg = <0x50000 0xfb0000>;
};
partition@ff0000 {
    label = "art";
    reg = <0xff0000 0x10000>;
    read-only;
};

Namba ya pili kwenye reg ni ukubwa, si mwisho. Jumlisha: 0x50000 na 0xfb0000 ni 0x1000000, mwisho kabisa wa chipu. Firmware imeimeza art nzima. Ilitakiwa 0xfa0000, iishie 0xff0000. Nilifanya hesabu ile kichwani, usiku, nikiwa na njaa.

dtc, programu inayotafsiri faili hilo, haikusema neno, maana mafungu mawili kupandana si kosa la sarufi. Kerneli nayo ikanyamaza. Na ile read-only niliyojivunia haikulinda kitu: inafunga mlango wa partisheni moja, haifungi baiti za chipu. Mfumo wa faili ulipojitengenezea nafasi ya kuandikia mwishoni mwa firmware, ulifuta art kupitia mlango mwingine, ambao niliuacha wazi mimi mwenyewe.

Mbona mezani ilifanya kazi? Kwa sababu redio ilishasoma data zake kabla hazijafutwa. Waifai iliendelea kupiga kwa kumbukumbu, na mimi sikuyazima masanduku hata mara moja tangu mezani, maana niliyasafirisha yakiwaka kwa betri za njiani. Aliyeyazima kwanza ni umeme wa Arua.

Kibaya zaidi, data hizo hupimwa kiwandani kwa kila redio peke yake. Sikuwa na nakala. Siku hizi bodi mpya ikifika, kabla sijaandika chochote ndani yake, nasoma chipu nzima na kuihifadhi kwenye faili lenye namba ya bodi hiyo. Dakika chache tu.

Kisha nasoma dmesg, yaani ujumbe wa kerneli inapowaka, kwa sauti, ndiyo, kwa sauti, wenzangu wananicheka. Inaandika mwanzo na mwisho wa kila partisheni. Mwisho wa mmoja uwe mwanzo wa anayefuata. Kwenye masanduku yale mstari wa firmware ulisema wazi 0x000000050000-0x000001000000, na mimi nilitazama kama kuna neno "error" tu. Ukiona "force read-only", mpaka wako haujakaa kwenye ukingo wa bloku ya kufutia, kipande ambacho chipu hukifuta kwa mkupuo. Mara nyingi mtu amesahau 0x, na 40000 ya kawaida si 0x40000. Nikimaliza nazima, nawasha, nazima tena, nawasha tena, ndipo nafunga kifuniko.

Masanduku yale sita bado yako Arua. Tulivuta waya mpaka chumba cha kompyuta, na mwalimu mkuu anasema hivyo ni afadhali, wanafunzi hawafungui tena simu nyuma ya bweni.