Sindano ya TB yakinga na maradhi mengine?

SWALI: Daktari shikamoo. Mtoto wangu alidungwa BCG, hiyo chanjo ya TB, mkononi alipozaliwa, sasa mamangu mkwe ashikilia ati hiyo yamkinga hata na homa zingine. Ni kweli ama ni stori za barazani? – Mama Twaha, Kisauni

JIBU: Marahaba mama. Mkweo hajakosea sana wallahi. Zamani tulisomeshwa kwamba seli zinazokumbuka maradhi ni limfosaiti tu (aina ya seli nyeupe za damu), lakini hizi za kinga ya kuzaliwa nayo, kama monosaiti (nazo ni seli nyeupe), zapiga yeyote kisha zasahau. Mwaka 2011 mtafiti Mihai Netea na wenzake kule Uholanzi wakaja na jina, kinga iliyofunzwa, yaani BCG yaacha alama juu ya DNA, jeni zenyewe hazibadiliki ila zile za kupigana zabaki kama mlango ulorudishwa bila kufungwa, akija mdudu mwingine hata asiye wa TB seli zaamka fasta. Na monosaiti huishi siku chache tu damuni, lakini (hapa ndo mimi huchoka kabisa) mafunzo yaingia mpaka kwenye uboho zinakozaliwa. Guinea-Bissau, watoto waliozaliwa na uzito mdogo wakapewa BCG mapema, vifo vya wiki za mwanzo vilipungua.

Lakini korona ilipokuja wakaijaribu kwa wahudumu wa afya, haikufua dafu. Kwa hivyo chanjo za surua, polio na zilizobaki kwa kitabu cha kliniki, mpeleke tu, mkwe apende asipende.