Å: neno la herufi moja

Tangu nigusie ile "a yenye kiduara kichwani", yaani å ya lugha za Skandinavia, maswali hayaishi. Nimechukua matano.

Ni kweli Norwei kuna kijiji kinachoitwa Å, basi?
Kweli. Kipo visiwa vya Lofoten, barabara ya E10 inapoishia. Tamka "o" ndefu, kama mwishoni mwa "choo". Maana yake ni mto mdogo. Kibao chake kimeibwa na watalii mara nyingi.

Neno fupi hivyo limetoka wapi?
Halikuzaliwa fupi. Wanaisimu wanalirudisha hadi *ahwō*, umbo walilolikisia kwa kulinganisha lugha za Kigermaniki, nalo ni ndugu wa *aqua*, yaani maji kwa Kilatini. Sauti zikamomonyoka, ikabaki á. Waaislandi bado wanaandika hivyo, na wameitwisha mzigo: á ni mto, ni "juu ya", tena ni "anamiliki". Wadenmaki, Waswidi na Wanorwei wanaandika å. Hata visiwa vya Åland, jina lake ni "nchi ya maji".

Naishi Umeå. Mto wetu ni mkubwa, mbona unasema mdogo?
Umenibana vizuri. Kwa Kiswidi cha leo mto mkubwa ni *älv*, na huo wenu ni Umeälven. Ila majina ya miji ni magumu kubadilika, ndiyo maana Umeå, Luleå na Piteå zimebaki na å yao. Denmark hawana shida hiyo: Gudenåen, mto wao mrefu kuliko yote, ni å tu. Neno *flod* wamewaachia wenye mito mikubwa, kama Nile.

Kwa nini Aarhus, jiji la Denmark, ina a mbili?
Ni å ileile, kwa tahajia ya zamani ya aa. Herufi å Waswidi waliitumia kwenye Agano Jipya la 1526, Wanorwei wakaipokea 1917, Denmark ikangoja hadi 1948. Jiji likawa Århus. 2011 halmashauri ikarudisha Aa. Zamani liliitwa Aros, mlango wa mto.

Rafiki yangu wa Jutland, rasi ya Denmark, ananiambia sentensi ya vokali tupu. Ananitania?
Hakutanii, ingawa anafurahia kukuona umeduwaa. Bila shaka ni hii: *A æ u å æ ø i æ å.* Ifungue polepole. *A* ni mimi, *æ* ya kwanza ni "niko", *u*, nje, *ø*, kisiwa, *i*, ndani ya. Zile *æ* mbili zilizobaki hutangulia nomino kuonyesha kwamba kitu kinajulikana. Å ya mwisho ndiyo mto, lakini ya katikati ni nyingine kabisa, jamaa wa ile á ya Kiaislandi, "juu ya". Kwa hiyo: niko huko kisiwani, mtoni. Mtu wa Copenhagen angesema *Jeg er ude på øen i åen*, na konsonanti zake zote.