Loch Ness na watoto kwa siku moja

Dada, umeuliza kama siku moja inatosha kwa Loch Ness, lile ziwa la Uskoti, na magofu ya ngome ya Urquhart ukiwa na watoto, mkilala mjini Inverness. Inatosha kabisa. Sisi tulianza na boti asubuhi, nakushauri nawe ufanye hivyo, maana ngome ukiiona kwanza kutoka majini inakuingia moyoni. Ziwa lina kina cha mita 230 hivi, na maji yake ni meusi kama chai ya rangi iliyokolea, kwa sababu ya udongo wa mimea iliyooza unaosombwa kutoka vilimani. Wanangu waliyakodolea macho muda wote wakimsubiri Nessie, yule dubwana anayesimuliwa kuwa anaishi ziwani humo! Habari zake zilianza kuvuma magazetini mwaka 1933.

Kwenye ngome pandeni Mnara wa Grant; ngazi ni nyembamba, mdogo mshike mkono. Waonyeshe mabonge ya ukuta yaliyoanguka pale langoni: askari waliokuwa wakiilinda waliilipua wenyewe walipoondoka mwaka 1692, isije ikatwaliwa na wafuasi wa Mfalme James aliyepinduliwa. Makoti ya mvua bebeni, hata kama ni Julai.