Springi za kuinua pikapu ndogo ya zamani

Ndugu, kabla ya kuchagua springi za kuinua gari kwa inchi 2 au 3, jiulize pikapu yako inabeba nini kila siku. Springi huuzwa kwa urefu na pia kwa uzito zinaoubeba: ukifunga za mzigo mzito huku bodi iko tupu, gari litakurusharusha mpaka ulichukie. Mimi ningeishia inchi 2. Ukizidisha hapo, shokomzoba, mipira ya breki na pembe ya propela shafti (chuma kirefu kinachopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu) vyote vitadai marekebisho. Springi zilizochoka usiziwekee kipande cha chuma kuziinua. Zitaendelea kulala tu. Kama mbele ina tosheni baa (fimbo ya chuma inayojipinda, inayofanya kazi ya springi), huhitaji springi mpya huko, unakaza bolti zake kidogo. Halafu kafanye alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu.