Lengelenge legelege: kachomwa, ni piko au ni bakteria?

Swali: Daktari salaam aleikum. Mie ni nesi dispensari moja huku kisiwa cha Pate. Nimeletewa mtoto wa miaka 3 ana malengelenge kwapani na tumboni, mawili yashapasuka. Nyanyake anasema yaya kamchoma, mamake anasema ni piko ya harusi, ile rangi nyeusi ya kuchora mwilini kama hina. Maabara hatuna, ntajuaje kama ni bakteria?

Jibu: Waaleikum salaam dadangu. Huyo yaya msimhukumu kwanza, lengelenge la bakteria likipasuka linaacha kiduara kibichi kama alama ya sigara na watu washasingiziwa bure. Muulize mamake yalitoka lini. Ya kuungua hutoka kwa mkupuo siku ile ile na mtoto alilia, ya bakteria leo moja kesho mawili. Piko nayo huwasha mno na hufuata mchoro, utaliona ua zima limevimba, sasa kwapani nani amechorwa ua?

Haya, liguse. La stafilokokasi, ndo hao bakteria wenyewe, ni legelege, ngozi yake nyembamba kama ya kitunguu, ndani maji ya manjano ambayo baadaye yanafifia kama yana ukungu, na pembeni wekundu ni kidogo sana au haupo. Likipasuka linabaki na ukingo wa ngozi kuzunguka kidonda kama kola ya shati, halafu gamba jembamba la kahawia. Sababu ni kwamba hao bakteria wanatoa sumu inayokata protini moja, desimogleini 1, ndo inayoshikanisha seli za juu juu za ngozi, kwa hiyo ngozi inabanduka juu tu na mara nyingi haliachi kovu. Ukiyaona hayo, jicho lako linatosha, swabu (kipamba cha kuchukulia sampuli ya maabara) si lazima. Ichukue kama dawa haisaidii au nyumba nzima wanaambukizana, na uichukue kwenye lengelenge ambalo halijapasuka, si kwenye gamba. Angalia na katikati ya vidole, akiwa na upele (skabisi) ujue kujikuna ndo kumefungua mlango, basi tibu vyote viwili.

Sasa kuna moja linalonitisha mie. Sugua polepole kwa kidole ngozi iliyo salama karibu na lengelenge. Ikiteleza na kubanduka kama ganda la nyanya iliyochemshwa, na mtoto ana homa, hataki kushikwa, pembeni mwa mdomo pamechanika, basi sumu ishaingia kwenye damu. Hapo maji ya lengelenge kwa kawaida hayana bakteria, swabu ni ya pua, koo na macho. Chungulia na ndani ya mdomo: hii ya sumu huacha ndani pasafi, ukikuta vidonda mdomoni na machoni uliza kama amepewa Septrin (antibiotiki yenye salfa) au dawa nyingine siku za karibuni, maana huo ni ugonjwa mwingine, nao mbaya.

Ngozi ikiteleza, au ni kichanga hata akiwa na lengelenge moja, usimpake kitu umrudishe nyumbani. Piga simu hospitali ya King Fahd, Lamu, uwaambie unakuja, na maji yakijaa tu mpande boti.