Ahadi ya uwazi ya kaunti iandikwe vipi?

Swali: Kikundi chetu kimealikwa na kaunti kuandaa pamoja na maafisa wake mpango wa utekelezaji wa serikali wazi, yaani orodha ya ahadi za uwazi ambazo kaunti itazitimiza. Rasimu ya ahadi kuhusu zabuni inasema: "Kaunti itaimarisha uwazi katika ununuzi." Tuipitishe?

Jibu: Msiipitishe hivyo. Haimtaji wa kuitekeleza, haina tarehe, wala hakuna kitu mtu atakachokwenda kukikagua. Mwaka ukiisha afisa atasema imetimizwa, nanyi hamtakuwa na la kumjibu.

Pendekezeni hivi: "Kila mwaka kufikia 30 Septemba, Idara ya Fedha itachapisha kwenye tovuti ya kaunti kandarasi zote za mwaka wa fedha uliopita, ikitaja kampuni, kazi, wadi, bei na tarehe ya kukamilika. Nakala itabandikwa katika ofisi ya kila wadi." Mkazi anayepita kila siku kando ya zahanati isiyopauliwa atasoma pale wadini nani alipewa kazi, kwa pesa ngapi, na ilipaswa kwisha lini.

Mkiambiwa mnadai makubwa, kumbusheni kwamba Agizo la Rais wa Kenya Namba 2 la 2018 liliziagiza taasisi za umma kuchapisha taarifa za zabuni na kandarasi.

Kisha ulizeni pesa zitatoka wapi, na mlishikilie hilo kuliko jingine lolote. Ahadi isiyo na fungu hufia kwenye karatasi. Kaunti huwasilisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, kwa ajili ya mwaka wa fedha unaoanza Julai inayofuata. Ahadi yenu iingie humo, hata kama ni gharama ya kuchapa na kubandika tu.

Pendekezo lenu likikataliwa, daini sababu kwa maandishi. Ubia wa Serikali Wazi (Open Government Partnership), muungano wa kimataifa ambao Kenya ilijiunga nao 2011, unataka serikali ieleze ilivyoyashughulikia maoni ya wananchi.

Mpango ukichelewa, msikae kuusubiri. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inawaruhusu kuomba kandarasi hizo sasa hivi, kwa Kiswahili au Kiingereza, bila kueleza mnazitakia nini. Afisa ana siku 21 za kujibu, na anaweza kuongezewa 14 mara moja tu. Akinyamaza, sheria inahesabu kuwa amekataa. Hapo mna siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala (Ombudsman).